Mageuzi, Mageuko na Babu Nyani

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Newala ametuuliza swali ambalo kwa umbo lake ni dogo: aandike ubaoni “mageuzi ya binadamu” au “mageuko ya binadamu”? Tungaliweza kumjibu kwa mstari mmoja, lau asingalitueleza kisa kilichomfanya aulize. Baada ya kipindi cha historia juu ya mtu wa kale, mtoto mmoja alirudi nyumbani akatangaza mbele ya wazee wake kwamba babu yao alikuwa nyani. Kesho yake mjomba wa mtoto akafika shuleni, si kwa ghadhabu nyingi, bali kwa kutaka kujua ni nani katika ukoo wao aliyetukanwa. Mwalimu alijaribu kumweleza, na kila neno aliloshika likamponyoka. Mwishowe alisema, “Hiyo ni nadharia tu, mzee,” wakaagana kwa amani. Mjomba aliondoka ameridhika. Mwalimu hakuridhika, ndipo akatuandikia.

Makala haya yanakusudia kumjibu mwalimu huyo mbele ya wenzake, pamoja na wafasiri na maofisa wa serikali wanaoandika, kukagua na kupitisha vitabu vya somo hili. Hatukusudii kuamua kama fundisho la Charles Darwin ni la kweli. Kazi hiyo ina wenyewe, na miongoni mwa wataalamu wa biolojia ubishi juu ya msingi wake ulikwisha siku nyingi. Letu ni maneno. Twadai kwamba ugomvi huu, ambao katika nchi nyingine ulipiganwa mahakamani na mabungeni, kwetu umekuwa ukiamuliwa kimyakimya ndani ya istilahi, na aghalabu mwalimu hajui kuwa neno alilolitamka limekwisha kumchagulia upande.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Nchini Marekani, jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 1925 ya kuwakataza walimu wa shule za umma kufundisha kuwa mtu ametokana na wanyama wa daraja ya chini, na mwezi Julai mwaka huohuo mwalimu John Scopes akashitakiwa katika mji wa Dayton, akatozwa faini ya dola 100. Hukumu ilitenguliwa baadaye kwa kasoro ya utaratibu, lakini sheria ilidumu hadi mwaka 1967. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikabatilisha sheria ya namna hiyo ya jimbo la Arkansas, na mwaka 1987 ikabatilisha ya Louisiana iliyotaka mafundisho ya uumbaji yaende sambamba na ya Darwin. Karibu na kwetu, mwaka 2006 mjini Nairobi, Askofu Boniface Adoyo na viongozi wenzake wa makanisa ya kiinjili waliyataka Makumbusho ya Taifa ya Kenya yasiyape masalia ya watu wa kale mahali pa mbele katika maonyesho yake. Miongoni mwa masalia hayo ni mifupa ya yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Richard Leakey alipinga vikali, na masalia hayakufichwa. Katika visa vyote hivyo pande mbili zilijuana, zikasimama hadharani zikasikilizwa.

Kwetu kusini mambo yalikwenda njia nyingine. Masasi, chini ya vilima vyake vya mawe matupu, ilipata misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA alipowapeleka huko kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani. Steere alikuwa bingwa wa lugha. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na sehemu kubwa ya msamiati wa dini tunaoutumia hadi leo ilipita katika mikono yake. Alifariki mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki Darwin, ijapokuwa hatudhani kuna mtu wa Masasi aliyeombolezea vifo vyote viwili. Wabenediktini nao walifika Ndanda, katika njia ya Lindi, mwaka 1906. Misheni hizo mbili ndizo zilizojaza shule katika sehemu hizo, chini Masasi na juu kwenye uwanda wa Makonde, hadi Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule mikononi mwa serikali.

Mtu angetazamia kwamba misheni ndizo zilizopanda uadui kati ya Darwin na Kitabu cha Mwanzo. Ukweli hauko hivyo. Wanateolojia wa Oxford, ambao UMCA ilichota kwao wengi wa watu wake, walikwisha kulikaribisha fundisho la Darwin katika kitabu kiitwacho Lux Mundi, kilichohaririwa na Charles Gore mwaka 1889. Na Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka wake wa mwaka 1950, aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu, mradi roho ibaki kazi ya Mungu. Kwa Waislamu, ambao ni wengi sana Newala, umri wa dunia haujawa kikwazo kikubwa. Kikwazo ni Adamu mwenyewe. Basi hapakuwa na katazo la askofu, wala la serikali, wala la mahakama. Mtoto wa shule ya umma alisoma habari za Adamu katika kipindi cha dini, na habari za Bonde la Olduvai katika kipindi cha historia, pengine asubuhi moja, na hakuna aliyemsaidia kuzioanisha au kuzitenganisha. Alichokuwa nacho ni maneno ya Kiswahili tu. Sasa tuyatazame maneno hayo.

Tuanze na nyani, kwa kuwa ndiye aliyemleta mjomba shuleni. Sentensi “mtu alitokana na nyani” imeenea kiasi kwamba wengi huidhania kuwa ndiyo fundisho lenyewe. Siyo. Hakuna mtaalamu anayedai kuwa nyani huyu tumjuaye, anayevunja mahindi mashambani na kukimbia na watoto mgongoni, ndiye mzazi wa mtu. Wanachodai ni kwamba mtu na sokwe wana asili moja, ambayo matawi yake yaliachana kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Na nyani ametengana nao mapema zaidi. Twaona jinsi kosa lilivyoingia. Sokwe wa Tanzania wako Gombe na Mahale, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika. Mtoto wa Newala hajapata kumwona. Mfasiri alitafuta mnyama ambaye msomaji anamfahamu, akampata nyani. Huko ni kufasiri kwa huruma, na huruma hiyo imetugharimu. Maana nyani katika Kiswahili si jina la mnyama tu. Ni mwizi wa shamba. Ni yule wa methali asiyeona nyuma yake. Ni tusi ambalo watani hurushiana. Kumwambia mtu kuwa babu yake ni nyani ni kumtukana kwa lugha kabla ya kumfundisha kwa sayansi.

La kushangaza ni kwamba lugha yetu ina msamiati ulio bora kabisa wa kulieleza jambo hili, nao ni msamiati wa ukoo. Sokwe si babu, ni binamu. Nyani ni binamu wa mbali zaidi. Babu wa wote alikuwa kiumbe wa tatu, asiyekuwa sokwe wala mtu. Mjomba yule, ambaye bila shaka anaweza kuhesabu matawi ya ukoo wake hadi vizazi kadha bila kushika karatasi, angalielewa mara moja tofauti ya kuambiwa “huyu ni babu yako” na kuambiwa “huyu na wewe mna babu mmoja, naye amekwisha kufa zamani”. Tena Wamakonde, Wayao na Wamakua wa sehemu hizo huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwaka 1987 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, wakipima chembe ndogo za urithi ambazo mtoto huzipata kwa mama pekee, walifuata ukoo wa watu wote wa dunia kwa njia hiyohiyo ya kikeni, wakafika kwa mwanamke mmoja aliyeishi kiasi cha miaka 200,000 iliyopita, yaelekea barani Afrika. Mwalimu wa London hulazimika kulieleza jambo hilo kwa taabu. Mwalimu wa Newala ana wanafunzi ambao tangu utotoni wamejua kwamba ukoo hupita tumboni mwa mama.

Kwa msamiati huohuo tungalisahihisha kosa jingine la vitabu. Fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka karibu milioni 1.75, liliitwa Zinjanthropus, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ni lile jina la kale ambalo Waarabu waliliita pwani yetu. Tumejivunia jina hilo, na wanafunzi wengi wamekaririshwa kuwa huyo ndiye mtu wa kwanza duniani. Wataalamu siku hizi humweka katika tawi la pembeni lililokoma bila kuacha kizazi. Yeye ni binamu pia, tena binamu aliyekufa bila watoto.

Neno la pili ni zito zaidi. “Binadamu” maana yake ni mwana wa Adamu. Anayeandika “asili ya binadamu” juu ya ukurasa amekwisha kuijibu hoja katika kichwa cha habari. Kisha aya ya kwanza inaanza kubishana na kichwa hicho. Tunajua jibu la wanaotupinga: maneno husahau yalikotoka. Twasema jua limechomoza na jua limekuchwa, na hakuna mwalimu wa jiografia aliyeona haya kusema hivyo, ingawa anafundisha kuwa ni dunia inayozunguka. Jibu hilo lina nguvu, nasi tunalikubali kwa mazungumzo ya kila siku. Haki za binadamu zibaki haki za binadamu. Lakini neno lililolala huamka linapoguswa mahali pake, na somo hili linaligusa hapohapo. Kiswahili kina neno “mtu”, ambalo halidai chochote juu ya asili yake, na ambalo ndugu zake wamo katika lugha za nyumbani za watoto hao: Mmakonde husema munu, Mmakua mutthu, Myao mundu. “Mtu wa kale” limekwisha kukubalika vitabuni. Kwa nini basi tusiseme “asili ya mtu”?

Mwenye kufuata hoja hii hadi mwisho atatuuliza: na “viumbe” je? Kiumbe ni kilichoumbwa. Maumbile ni namna ya kuumbwa kwake. Biolojia yetu yote husema habari za uumbaji katika kila mstari. Hapa tunasimama. Neno “kiumbe hai” limeenea mno, limewapa walimu raha, na wapo waumini wengi wasomi wanaoshika kwamba kuumbwa na kubadilika ni kazi moja. Kuling'oa kungekuwa ushupavu usio na faida. Tunakiri kwamba hatujatumia kanuni moja kwa maneno yote mawili. Istilahi hupimwa kwa madhara yake darasani, na “viumbe” hatujaona kuwa limemkwaza mtoto.

Sasa tufike kwenye swali la mwalimu. “Mageuzi” na “mageuko” hutumiwa ovyo, mara nyingine katika ukurasa mmoja, kana kwamba ni tofauti ya matamshi. Mwenye sikio la Kiswahili ataisikia tofauti. Mageuzi kwa umbo lake yaelekea kwenye kugeuza: yupo mwenye kugeuza. Mageuko yatokana na kugeuka: jambo limejitendekea. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, mageuzi yamekuwa neno la siasa na la utawala, nayo yana wanamageuzi wake, mpango wake na bajeti yake. Aandikaye “mageuzi ya viumbe” amemweka mtu nyuma ya pazia akisukuma, jambo ambalo mwanateolojia angelipenda na Darwin angelikataa. Kwa hoja hiyo pekee, mageuko ni bora.

Hata hivyo mageuko nayo yana kasoro, na kasoro hiyo huonekana zaidi Newala kuliko Dar es Salaam. Kugeuka, katika masikio ya watu wengi, ni jambo la mara moja na la mtu mmoja. Katika hadithi, mke hugeuka nyoka. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala, aliandika masimulizi ya Wamakonde juu ya asili yao: kiumbe aliyekuwa hajawa mtu kamili alichonga mti akausimamisha karibu na nyumba yake, na usiku ule kinyago kikageuka mwanamke. Wawili hao walizaa karibu na Mto Ruvuma, mtoto akafa. Wakahama, wa pili akafa. Wakapanda hadi uwandani, huko Mahuta, na wa tatu akaishi. Ni masimulizi mazuri. Mtu angeweza hata kudai kuwa yamo ndani yake mazingira yanayoua na mazingira yanayohifadhi, lakini tusimfanye mzee wa Mahuta kuwa mfuasi wa Darwin bila ridhaa yake. Na pande zote mbili za Ruvuma yapo masimulizi ya watu wanaogeuka simba, ambayo si ya kuchekwa: kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 500 nchini, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyopata msiba mkubwa.

Mtoto mwenye masikio hayo anapoambiwa kwamba mtu aligeuka kutoka mnyama, huona picha ya mnyama mmoja aliyelala mnyama na kuamka mtu. Atauliza, kwa haki kabisa, mbona nyani wa leo hawageuki. Wenye kucheka swali hilo hawajui kuwa wao ndio waliolitunga, kwa neno walilochagua. Katika fundisho la Darwin hakuna kiumbe hata mmoja aliyegeuka. Kila mmoja alizaliwa vile, akafa vile. Kilichobadilika ni hesabu: katika kila kizazi wenye sifa fulani waliacha watoto wengi kuliko wenzao, na baada ya vizazi elfu nyingi jamii nzima ilikuwa na sura nyingine. Kwa hiyo rai yetu ni “mageuko ya vizazi” mara ya kwanza neno litajwapo katika sura au somo, na “mageuko” peke yake baadaye. Neno moja la nyongeza si ghali.

Juu ya “uteuzi asilia” tutasema machache. Walioogopa kwamba uteuzi unataka mteuzi wameogopa kwa sababu ya kweli, hasa katika nchi ambayo neno hilo husikika kila mara redioni likifuatana na jina la aliyeteuliwa. Lakini kosa si la Kiswahili. Mwaka 1866 Alfred Russel Wallace alimlalamikia Darwin kwamba neno lake la Kiingereza lina kasoro hiyohiyo, na Darwin akakubali kuliongezea msemo wa Herbert Spencer juu ya kuishi kwa wafaao zaidi katika toleo la mwaka 1869. Afadhali mwalimu alinganishe. Huko Naliendele, karibu na Mtwara, watafiti wa korosho huchagua mikorosho izaayo vizuri na kuvumilia ubwiriunga, wakaizalisha hiyo na kuiacha mingine: huo ni uteuzi wenye mteuzi. Kisha aulize, kama hakuna mtafiti, na ukame ndio uliobakiza miti michache, ni nani aliyeteua?

Tumefika kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, ijapokuwa halimo katika sura ya mageuko hata kidogo. Ni neno “usugu”. Mwalimu anayekwepa somo la Darwin kwa kuogopa wazazi hulifundisha bila kujua kila anaposema kuwa vimelea vya malaria vimekuwa sugu. Klorokwini ilitutumikia miaka mingi. Usugu ukaanza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini ikachukua SP, na mwaka 2006 ikaiacha SP ikachukua dawa mseto. Haya yametokea mbele ya macho yetu, katika zahanati zetu, na ni mageuko ya vizazi yasiyohitaji fuvu la Olduvai kuyathibitisha.

Lakini sugu ni nini? Ni ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima, iliyokomaa kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Ni kiganja kilekile, kilikuwa laini kikawa kigumu. Asikiaye “vimelea sugu” huona kimelea kimoja kilichopigwa na dawa mara nyingi hata kikazoea. Na wengine huenda mbali zaidi, wakasema ni mwili wa mgonjwa uliozoea dawa. Kutokana na picha hiyo mtu hukata shauri: kama kuzoea ndiko kunakoleta usugu, basi heri kumeza vidonge vichache, kisha kupumzika. Ndivyo anavyoacha nusu ya dozi kwenye rafu. Kumbe katika vimelea mamilioni wamo wachache waliozaliwa tofauti, na nusu ya dozi huwafyeka walio dhaifu na kuwaachia hao shamba zima wazaliane. Katika Malawi, jirani zetu, klorokwini iliachwa mwaka 1993, na baada ya miaka kiasi cha kumi vimelea vinavyouawa na dawa hiyo vilikuwa vimerudi kutawala. Mtu wa sugu ya kiganja atasema: bila shaka, mkono ukiacha jembe hulainika. Hapana. Hakuna kimelea kilicholainika. Wale wasiovumilia dawa walizaliana zaidi mara dawa ilipoondoka. Matokeo yanafanana, sababu ni tofauti, na anayejua sababu pekee ndiye atakayejua la kufanya na vidonge vilivyobaki.

Je, neno libadilishwe? Hatuthubutu, limo katika kila bango la zahanati. Twataka tu kwamba kila kitabu kitumiacho neno “usugu” kiseme, angalau mara moja, kuwa ni usugu wa kizazi, si wa kimelea mmoja mmoja. Na mwandishi akitaka mfano wa istilahi iliyofanikiwa, autazame ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, baada ya kuchunguza watu wa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni hiyo, ambayo huleta mateso kwa aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, haijatoweka katika nchi za mbu. Jina hilo laonyesha umbo la chembe yenyewe, kila mkulima analiona, na halidai lisilokuwapo. (Myao wa Masasi, ambaye kwake mundu ni mtu, ana haki ya kutabasamu.)

Limebaki lile neno ambalo mwalimu alijiokoa kwalo: “nadharia tu”. Katika mazungumzo yetu, nadharia ni kinyume cha vitendo; mtihani wa nadharia ni ule usiohitaji kushika chombo, na mtu wa nadharia ni yule asiyeweza kufunga skrubu. Kwa mtaalamu wa sayansi nadharia ni jengo zima la maelezo lililokwisha kujaribiwa, na linalobaki wazi kwa kujaribiwa tena. Ubishi huu si wa Kiswahili peke yake. Katika jimbo la Georgia huko Marekani vitabu vya biolojia vya wilaya moja vilibandikwa karatasi mwaka 2002 kusema kuwa fundisho hili ni nadharia na si jambo la hakika, na mwaka 2005 jaji akaamuru karatasi hizo zibanduliwe. Sisi tuna bahati ya kuwa na neno la daraja ya chini: “nadharia tete”, yaani wazo ambalo bado ni bichi kama punje za mtama usiokomaa. Mkulima haitaji kufafanuliwa. Kama tungalilinda mpaka kati ya nadharia tete na nadharia, neno “tu” lisingalikuwa na mahali pa kukaa.

Watatuambia kwamba tunajisumbua, kwa kuwa somo lenyewe kwa ukamilifu wake liko sekondari, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye jeraha. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, mwaka uleule Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifuate kuanzia 1985, serikali haikukubali. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilizaliwa ikakuta nyumba imefungwa. Basi mtoto hulipata jambo hili mara mbili: kwanza kwa Kiswahili kisicholindwa, likiwa hadithi ya babu nyani, kisha, kama amefika kidato cha nne, kwa Kiingereza cha mtihani, likiwa orodha ya kukariri. Hayo mawili hayakutani kichwani mwake. Wengi hawafiki kidato cha nne, na kwao hadithi ya babu nyani ndiyo sayansi yote waliyopewa juu ya asili yao. Na hayo yatokea jirani na Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 wachimbaji wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, walichimbua visukuku vya wanyama wa miaka kiasi cha milioni 150, na wapagazi wakavibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, kwa safari ya Berlin.

Tumemwandikia mwalimu wa Newala hivi. Aandike “mageuko ya vizazi”. Katika somo hili aseme “mtu” badala ya “binadamu”, na asigombane na mwenye kusema vinginevyo. Nyani amwache shambani. Mahali pake asimame sokwe, naye aitwe binamu. Neno “tu” alifute baada ya “nadharia”. Na akipata nafasi ya kuzungumza na wazazi, aanze na dawa ya malaria, mafuvu yafuate.

Amekwisha kutujibu. Asema mjomba ameukubali ubinamu kwa masharti, ila sasa anauliza huyo mzee ambaye mtu na sokwe wote walitoka kwake alikuwa na jina gani. Wataalamu hawajampa jina, kwa kuwa mifupa yake haijatambuliwa. Na vitabu vyetu navyo havina neno moja la kumtaja: vingine vyamwita babu, vingine asili, vingine chanzo. Sisi tumependekeza “mhenga wa pamoja”. Wasomaji wenye neno lililo bora zaidi watuletee.